Vibanio Havipandi Meli

Meli ya watalii haimngoji mtu. Wanaoandika makala ndefu za kutembea bandarini kwa bei nafuu huificha habari hiyo katikati, chini ya picha kumi za machweo, kwa hiyo mimi naiweka juu kabisa. Ukipanda basi la ziara la meli yenyewe, lile la vioo, mkichelewa mtangojwa, kwa sababu kosa ni lao. Ukishuka kivyako ili usikamuliwe, ukazunguka mji kwa miguu yako na nauli ya kawaida, ukichelewa utaipungia mkono ikigeuza. Basi. Wa kwao anangojwa. Wa kwako ni mzigo wako.

Mama yangu mdogo anaijua sheria hiyo kuliko mabaharia, na hajawahi kupanda meli hata siku moja. Ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Vibanio, maana humkuti bila vibanio vya nguo. Viko kwenye mfuko wa aproni, viko kwenye ukosi wa gauni, na akiwa na haraka viko mdomoni. Anakusalimia kupitia meno, na wewe unaitikia tu ingawa hujui umeulizwa nini.

Ua wake ni mrefu na mwembamba kama soksi. Mwisho huu kuna mlango wa jikoni, mwisho ule kuna ukuta, katikati kamba za kuanikia. Mashuka na mapazia yanakaa kule ukutani. Yanafuata mashati. Soksi na leso ziko hapa mlangoni. Wingu likikunja uso, watu wengi wanaokota kilicho karibu kwanza, halafu wanalowa wakifuata shuka. Yeye anatimua mbio mpaka ukutani, anaanza kuanua akirudi.

"Mvua ikukute mlangoni," huwa anasema. "Isikukute ukutani."

Hilo kariri, tutalihitaji.

Kazi yake kubwa zamani ilikuwa sare za walinzi wa bandari, na hasa mashati meupe ya mkuu wa geti, mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye anataka ukosi wa shati usimame kama nao umeajiriwa kulinda. Halafu ofisi ya bandari ikanunua mashine za kufulia. Hoteli ya jirani nayo ikaiga. Mabeseni yakaanza kukaa kifudifudi siku nzima. Akabaki na mashati ya mkuu tu, kwa sababu mkuu aliijaribu mashine mara moja, akatoka na ukosi umelala kama sikio la mbwa, akaapa.

Siku moja alikuwa ameyaleta hayo mashati getini, akakuta mume na mke wametoka melini wanabishana na madereva wa teksi. Bei waliyotajiwa, mtu angedhani wananunua teksi yenyewe. Yule mke akamgeukia Mama Vibanio, akamwonyesha mji kwa mkono, akauliza kwa macho: tufanye nini? Lugha ya wageni mama mdogo anaijua ile ya kuombea maji na kukatalia bei. Akawaambia, "Njooni," akawapandisha basi la mji hadi kilimani kwenye tangi la maji. Pale unaona mji wote bure, na ndipo lile basi la vioo huwapeleka watu kwa bei ya kufunga ndoa. Akawarudisha pole pole kwa miguu, wakafika getini mapema, wameshiba macho. Yule mke akamkumbatia mbele ya walinzi.

Wazungumzaji wa melini ni kama wazungumzaji wa bombani. Meli iliyofuata, watu wakashuka wanaulizia mama wa vibanio.

Mkuu wa geti akamwita pembeni.

"Mama, sikiliza. Mimi sikuoni. Umenielewa? Hapa getini sikuoni, na hao wageni unaowakusanya siwaoni."

"Sasa usiponiona, baba, utavaa nini?"

Mkuu akacheka puani, akarudi kuwa mkuu. "Tutaniane lakini shika hili. Akiachwa na meli hata mmoja, siku hiyo nitakuona vizuri sana. Na geti hili hutalisogelea tena, hata kwa kuniletea shati."

Hakuwa anatishia nyau. Mgeni akiachwa, simu zinapigwa mpaka kwa wakubwa, na wa kwanza kuulizwa ni mkuu: aliwatoa nani, kwa ruhusa ya nani? Na kwa upande wa mama mdogo, kufikia wakati huo wageni ndio waliokuwa wakiendesha nyumba. Bila geti kulikuwa na mabeseni matupu tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo, lakini mgeni aondoke pia, na aondoke na meli yake.

Kwa hiyo akapanga. Wasomaji wangu mnaoniuliza jinsi ya kupanga, someni hapa badala ya kunijazia kisanduku.

Siku moja kabla ya meli kuingia, anaipita njia yote peke yake, akiwa amebeba kapu lenye mzigo. Si mzigo wa kazi, ni wa makusudi. "Njia ukiipita mikono mitupu inakudanganya," anasema. "Mgeni ana begi, ana chupa ya maji, ana goti bovu." Anaangalia kama barabara ya kilimani haijachimbwa. Anakaa kwenye kila benchi aone lina kivuli saa ngapi. Anaingia maktaba ya mji kumsalimia mtunza vitabu, si kwa mapenzi ya vitabu, ila kwa sababu choo cha maktaba ni kisafi, hakilipiwi, na mwenye ufunguo ni huyo. Makala zote hizo za watalii zinakuelekeza makumbusho, hakuna inayokuelekeza choo. Watu wazima hawa! Mtu aliyebanwa haoni makumbusho.

Na kila mara anaanza na mbali. Wageni wanataka kuanza na maduka ya kofia yaliyo nje tu ya geti, na yeye anawaswaga kama kuku. "Hapo tutafika. Hapo hapahami." Kwanza kilimani kwa basi. Kisha stesheni ya zamani, yenye ukumbi mkubwa ambao ukipiga chafya inarudi kukusalimia. Kisha maktaba. Kisha soko. Mwisho kabisa ni mtaa mmoja mfupi ulionyooka, ambao ukisimama mwanzoni unaliona geti la bandari mwishoni, na meli imejaa nyuma yake kama ghorofa lililopotea njia. Hapo ndipo anawaachia watembee wenyewe.

Sasa vibanio. Kila mgeni asubuhi anapewa kimoja, kimefungwa uzi wa rangi yake, anakibana kwenye ukosi. Kwenye kazi ya udobi nyuzi hizo ni za nyumba: nyekundu ya nyumba hii, kijani ya nyumba ile. Wakirudi getini, kila mtu anakirudisha kwenye aproni. Aproni ikijaa, watu wamejaa. Kibanio kikikosekana, kuna mtu hajarudi. Ni hesabu ya kamba: nguo ikianuliwa kibanio kinabaki mkononi, na kamba haijawahi kumdanganya maisha yake yote. Wageni wanapenda, wanapigana picha navyo. Na misimu miwili mfululizo hakuna aliyebaki.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo, jua la kawaida. Kikundi kidogo. Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja wa ndevu nyingi, nyeupe, nzito kama mto wa kulalia, na mke wake mrefu aliyevaa koti la njano. Mama mdogo akambatiza palepale Mzee Ndevu. Huyu mzee alikuwa wa kuulizauliza na wa kugusagusa. Mkewe alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na mzee mzima: miwani yake, dawa zake za goti, kofia yake, maji yake, leso yake. Kila baada ya hatua chache alikuwa anampa kitu na kumnyang'anya kingine.

Mzee hakukipenda kibanio. Alikuwa amevaa shati laini la zawadi, na kibanio kilikuwa kinauvuta ukosi unakaa upande. Akawa anakitoa, anakirudisha. Mama mdogo akamwonyesha kidole: kisitoke. Mzee akapiga saluti.

Kilimani walifika wakaona mji. Stesheni mzee akapiga chafya ya makusudi, ikarudi, akafurahi kama amejibiwa na babu yake. Maktaba wakafanya kilichowapeleka. Sokoni akanunua machungwa, yakaingia kwenye mkoba wa mkewe kama vingine vyote. Wakafika ule mtaa wa mwisho wakiwa na saa nzima mkononi kabla ya muda wa kuingia melini.

Katika mtaa huo pana kinyozi, na kinyozi huyo ni shemeji yake mama mdogo, mdogo wa marehemu baba mdogo. Hawa wawili wakikaa siku bila kutaniana, ujue mmoja ni mgonjwa. Alikuwa amesimama mlangoni na kitana nyuma ya sikio.

"Shemeji, leo umewachunga wangapi?"

"Wewe nyoa," akamjibu. Kisha akawaambia wageni kwa maneno yake ya kuokoteza na mikono: huyu ni shemeji yangu, bei yake ndogo, ananyoa vizuri kuliko anavyoongea.

Wageni wakacheka. Mzee Ndevu hakucheka. Alikuwa anajipapasa ndevu.

Mama mdogo akawaonyesha geti kule mwisho, akawaonyesha saa, wakatawanyika. Yeye akatangulia getini, akakaa kwenye kigoda chake kando ya mkokoteni wake, ambao juu yake kulikuwa na furushi la mashati ya mkuu, yamepigwa pasi, yamefungwa kwenye shuka. Alipanga kuyakabidhi wageni wakishaingia. Wakaja mmoja mmoja, wawili wawili, kofia mpya vichwani. Vibanio vikadondoka kwenye aproni, tik, tik. Cha mwisho kilipoingia akabana mfuko, akavua viatu, akanyoosha miguu, akapiga mwayo wa mtu aliyemaliza.

Mkuu wa geti akatoka kwenye kibanda chake.

"Mama."

"Leo unaniona?" akamuuliza, bado anatania.

"Nakuona."

Akainua uso. Mkuu hakuwa anacheka.

"Melini wamepiga simu. Kadi moja ya abiria haijaingia. Mwanamume, mzee."

"Si wa kwangu huyo." Akafungua mfuko. "Wa kwangu hawa hapa. Wote. Angalia mwenyewe."

Mkuu akaangalia ndani ya aproni. Akaangalia meli. Akasema polepole, kwa ile sauti yake ya upole ambayo ni mbaya kuliko kelele:

"Mama, vibanio havipandi meli."

Mama mdogo akashusha macho kwenye aproni. Akapitisha vidole kwenye mfuko, uzi kwa uzi, mpaka akakuta viwili vimeng'atana, kimoja kimembana mwenzake mgongoni. Cha kijani na chekundu. Akakumbuka jinsi vilivyoingia: mkono mmoja, mkono wa koti la njano. Alivipokea vyote viwili, akasema asante. Mzee alikitoa kibanio ukosini kikaenda kukaa kule kunakokaa vitu vyake vyote, mkobani kwa mkewe. Na mkewe, mwanamke mwaminifu, alirudisha mali ya watu.

Nguo haiwezi kuipa nguo mwenzake kibanio chake. Mtu anaweza. Misimu miwili hilo halikuwahi kumpitia akilini, wala mimi lisingenipitia.

Kule kwenye ngazi ya meli koti la njano lilikuwa limesimama. Alidhani mumewe ametangulia chumbani kulaza goti, akaenda, akakuta kitanda kimetandikwa. Sasa alikuwa ameshuka mpaka chini ya ngazi, mguu mmoja juu, mmoja chini. Ndani haingii, nje hatoki. Baharia mmoja alikuwa anambembeleza huku anatazama saa.

Pale getini kila mtu akawa na akili ghafla. Dereva mmoja wa teksi akawasha gari. "Amebaki kilimani! Wazee wanapenda mandhari. Nipeni mtu tupande." Mlinzi mwingine akasema stesheni. Mwingine akataka watangaze redioni. Mkuu alishaingiza mkono mfukoni kutafuta simu ya kuwapigia wakubwa.

"Zima gari," Mama Vibanio akasema.

"Mama, muda..."

"Zima gari, mwanangu! Kilimani nilishuka naye. Stesheni alipiga chafya, nimeisikia. Sokoni kanunua machungwa, nimemwona. Kote huko nimeshaanua." Alikuwa anavaa viatu, kushoto kulia, kulia kushoto. "Kilichobaki ni mtaa huu mmoja. Mvua imenikuta mlangoni."

Akashika mkokoteni. Kwa nini mkokoteni? Nimemuuliza mara tatu. Mara ya kwanza alisema ni kwa sababu ya goti la mzee. Mara ya pili alisema ni mazoea ya mikono. Mara ya tatu akasema nimuache. Mimi naamini mikono.

Akaingia mtaani anasukuma, mashati ya mkuu juu, anachungulia kila mlango. Duka la kofia: hayupo. Benchi chini ya ukuta: kuna mtu amelala lakini hana ndevu. Duka la kutoa nakala: hayupo. Kwa kinyozi pazia lilikuwa limeshushwa.

Hapa nieleze jambo la shemeji. Huyu bwana ana mwiko wake wa kazi, na si mwiko wa kabila wala wa dini, ni wake. Mteja akisinzia kwenye kiti, hamwamshi. Anashusha pazia, anapunguza redio, anakaa kwenye kiti cha pili na wembe umefungwa, anangoja. Anasema mtu aliyelala chini ya wembe amekupa shingo yake, na shingo haiguswi wala haishtuliwi. Wateja wake wanaujua mwiko huo, wengine wanaenda pale kulala makusudi kwa sababu nyumbani kuna kelele. Kwa miaka yote haukuwahi kumdhuru mtu. Lakini wateja wake hawana meli.

Mama mdogo akalivuta pazia.

Mzee Ndevu alikuwa kwenye kiti, shuka jeupe la kinyozi shingoni, mdomo wazi, usingizi wa pono, hana hili wala lile. Upande wa kushoto alikuwa mtoto mdogo, shavu jekundu linang'aa. Upande wa kulia alikuwa bado yuleyule, ndevu zote na povu juu yake, povu limeshaanza kukauka.

"Shemeji!"

"Shhh," kinyozi akasema, kidole mdomoni. "Amelala."

"Namwona kalala! Meli inaondoka!"

"Mimi na meli wapi na wapi? Nimefika nusu, kaangusha shingo. Nimwamshe ashtuke, wembe uko hapa, halafu uende kwa mashemeji wote useme nimeua?"

"Si ungeniita!"

"Nikuite kwa sauti gani isiyomwamsha? Na wewe ukija kwa sauti gani? Si hiyo hiyo!"

"Ondoka hapo."

"Shemeji, mwiko wangu..."

"Mwiko wako nitaupikia! Ondoka!"

Dobi hamwamshi mtu kwa kumtikisa. Alichukua taulo lililokuwa kwenye beseni la maji baridi, akalikamua, mikono ile unayoijua, juu ya miguu ya mzee iliyovuliwa viatu. Mzee akafumbua macho. Akamwona Mama Vibanio. Akaona saa ya ukutani. Akageuka akaona kioo. Akasema neno la kwao ambalo halikuhitaji mkalimani.

Akasimama, goti likakataa. Akakaa tena.

"Mnyanyue," mama mdogo akasema.

"Wapi?"

"Hapo juu. Kwenye mashati."

Kinyozi akamkodolea macho. "Kwenye mashati ya mkuu?"

"Una kitanda?"

Wakampakia. Alikaa kwenye furushi kama bwana harusi, viatu mkononi, shuka la kinyozi shingoni linapepea, nusu ndevu, nusu povu. Shemeji akasukuma, shemeji akavuta. Gurudumu moja la mkokoteni huo lina kilio tangu baba mdogo yu hai, na siku hiyo lililia mtaa mzima ukatoka nje.

"Mnamuuza kilo ngapi?" muuza kofia akapaza sauti.

"Pisha!"

"Miaka yote," kinyozi alikuwa anahema nyuma, "nakuomba nikusaidie kusukuma mkokoteni, unakataa. Kumbe ulikuwa unangoja upate cha kubeba!"

"Sukuma, mdomo utachoka baadaye!"

Mzee mwenyewe, mara alipoona geti linakuja na meli bado imesimama, woga ukamtoka wote akaanza kufurahia. Akawapungia watu. Mtu ukiwa umeshapakiwa ufanye nini kingine?

Getini mkuu alikuwa amesimama, simu sikioni. Aliuona mkokoteni. Aliona nani yuko juu yake. Halafu, na hili wameniambia walinzi watatu kwa nyakati tofauti, aliona yuko juu ya nini. Uso wake ulipita rangi kadhaa. Lakini alichosema ni hiki:

"Fungueni geti la malori!"

Geti la malori halifunguliwi kwa ajili ya mtu. Likafunguka. Mkokoteni ukapita bila kupunguza mwendo, ukateremka gatini, gurudumu likilia, mpaka chini ya ngazi ya meli. Koti la njano likamwona mumewe. Likampiga mkoba mara mbili, machungwa yakamwagika, kisha likamkumbatia kwa nguvu hivi kwamba povu lote likahamia kwenye koti. Wanaume wawili wakamshika mzee kwapani wakampandisha. Juu kabisa akageuka, akajipapasa upande wa ndevu, akapapasa upande usio na ndevu, akapiga saluti.

Ngazi ikavutwa. Honi ikalia, ile honi ambayo inakutikisa tumbo. Mama Vibanio akakaa chini palepale gatini, kwenye saruji, miguu mbele kama mtoto, akacheka mpaka machozi, au akalia mpaka kicheko, mwenyewe hajui kilianza kipi. Anasema alisikia mabega yake yakishuka kutoka masikioni, ndipo akajua yalikuwa yamepanda. Shemeji yake akakaa kando yake, akamwokotea chungwa.

Kivuli kikawafunika. Alikuwa mkuu.

"Mama."

Akafuta uso kwa aproni. "Naam, baba."

"Nakuona."

Mama mdogo akautazama mkokoteni.

"Naona na mashati yangu. Yamekaliwa."

"Nitayafua. Nitayapiga pasi upya. Hata ukinifukuza nitayafua kwanza."

Mkuu akatazama meli, ambayo ilikuwa imeshaanza kuachana na gati, maji yanatanuka katikati. Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Akaizima, akaitia mfukoni.

"Nilikwambia nini mimi? Akiachwa hata mmoja."

"Ulisema."

"Ameachwa?"

Mama mdogo akatazama meli pia. "Hajaachwa."

"Basi," mkuu akasema, akageuka kurudi kwenye kibanda chake. "Sikuoni. Na ukosi usimame."

Anasema hajawahi kusikia maneno matamu kama hayo kutoka kwa mwanamume, na baba mdogo alikuwa fundi wa maneno.

Meli zinaendelea kuja. Vibanio anavyo bado, hakuvitupa. Kosa halikuwa la vibanio. Ila siku hizi hapokei viwili kutoka mkono mmoja. Mume aje na chake, mke aje na chake, na anamtazama kila mtu usoni kabla hajafungua mfuko. Juzi alishuka mama na mtoto wa kunyonya. Mtoto naye akapewa kibanio, na walivyorudi foleni nzima ikasimama kungoja mtoto akiachie mwenyewe kwenye aproni. Alikuwa amekitia mdomoni, hataki kukitoa. Hakuna aliyelalamika.

Shemeji naye amebadilika kidogo, ingawa hapendi mtu aseme hivyo. Mteja mwenye kibanio ukosini akitaka kukaa kwenye kiti, anamnyoa amesimama.

Kilichobaki ni lile shuka. Mzee aliondoka nalo shingoni, na kinyozi alilidai kwa shemeji yake karibu kila siku kama mahari. Likarudi na meli nyingine, limeletwa na baharia, limefuliwa huko ndani na kupigwa pasi. Ndani yake kulikuwa na picha: mzee na mkewe, yeye bado ana nusu ya ndevu, ameziacha vilevile, anacheka. Kinyozi aliibandika juu ya kioo. Mama mdogo hakuiangalia sana picha. Alilichukua shuka, akalinyoosha kwenye mwanga, akaangalia mikunjo, akaangalia pindo.

"Pasi gani hii?" akasema, na kulitia kwenye beseni.